Barazani kwa Bi Sindano: Geuza nguo uone nyuma

Toleo lililopita niliandika mistari minne tu kuhusu kimkoba kilichodariziwa nilichopewa na mwanamke wa Kipalestina, nikasema mwenye swali aulize. Nilitegemea barua mbili, tatu. Zimekuja za kujaza ungo, nyingine kwa simu, nyingine kwa karatasi. Nimechagua tano. Za matusi zilizokuja kwa karatasi nimefungia vitumbua.

*Shikamoo Bi Sindano. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 27. Wateja wangu wawili wameniletea picha za magauni ya Kipalestina kwenye simu, wanataka niwashonee ya Idi. Yale maua naweza kuyatoa kwa mashine ya rafiki yangu pale Kariakoo. Au niyachapishe kitambaani kabisa, nitoe hata magauni hamsini niuze. Mwenzangu ananiambia huo ni wizi wa mali ya watu walio kwenye dhiki. Mimi naona ni kuwaunga mkono. Nani mkweli?*
Fundi, Tandika

Marahaba mwanangu. Wizi tutaufikia, kwanza tujue jina. Kazi hiyo kwao inaitwa tatreez. Litamke polepole. Sisi watu wa pwani tunasema kutarizi, na shuleni nilifundisha kudarizi. Neno ni hilohilo, limetoka Kiarabu. Shingo ya kanzu aliyoolea baba yako imetariziwa. Kwa hiyo hujaingia nyumba ya wageni, umeingia kwa jirani kupitia mlango wa uani. Lakini hata mlango wa uani mtu hubisha hodi.

Kimkoba changu hakizidi kiganja. Kitambaa ni pamba nyeusi, uzi ni mwekundu wa damu ya mzee, na mshono ni wa msalaba mwanzo hadi mwisho: uzi unapita mshazari, unarudi kujikatiza. Juu kuna saru sita zimepangana. Saru ni mti mwembamba mrefu, ukiuona kwa mbali utasema mvinje wa Kigamboni. Nimesahihisha vitambaa vya wanafunzi wa sayansi kimu miaka thelathini na moja, najua fundi anajificha wapi, nikakigeuza ndani nje. Nyuma hapakuwa na fundo hata moja. Kila ncha ya uzi imepitishwa chini ya mishono jirani, imelala kimya. Ningempa tisini na nane, mbili nikabaki nazo kwa ubaya wangu wa ualimu.

Jioni nikajaribu saru moja kwenye marekani. Macho yangu hayawezi tena kuhesabu nyuzi za kitambaa, basi nikashikiza juu yake kitambaa cha vitundu, nikashona humo, halafu nikachomoa nyuzi za kile cha vitundu moja moja. Nilianza baada ya Magharibi. Nilipomaliza taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeshaisha. Saru moja hiyo. Kifua cha gauni kina maelfu ya mishono kama ile, na mwanamke aliishona baada ya shamba, mifugo na watoto.

Sasa sikiliza gauni lenyewe lilikuwa linasema nini. Kabla ya 1948, mwanamke akiingia sokoni wenzake walijua ametoka upande gani kwa kumtazama kifua na mikono. Ramallah walipenda kitani cheupe na uzi mwekundu. Bethlehemu walilaza nyuzi nene za hariri na za dhahabu juu ya kitambaa, wakazishikiza kwa uzi mwembamba. Kusini, kwa Mabedui wa jangwa la Naqab, mjane alidarizi kwa buluu, na alipokuwa tayari kuolewa tena akaanza kuingiza nyekundu. Kanga yetu inasema kwa maandishi, ile inasema kwa mshono. Na michoro ina majina. Mmoja unaitwa khiyam al-basha, mahema ya basha, yaani mkubwa wa Kituruki. Unalisikia hilo khiyam? Ndilo hema letu.

Mwaka 1948, Israeli ilipoundwa, Wapalestina wapatao 750,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na mamia ya vijiji yakafutwa. Wao huita Nakba, maafa makubwa. Fikiria maana yake kwa fundi: gauni linataja kijiji, na kijiji hakipo. Kwenye kambi za wakimbizi wanawake wa vijiji mbalimbali wakajikuta jirani, mishono ikaanza kuchanganyika. Ulipoanza uasi wa 1987 dhidi ya Israeli, ule wa mawe, bendera yao ilikuwa marufuku kupeperushwa. Wanawake wakaidarizi kifuani. Askari atamvua mama wa watu gauni njiani?

Usije ukadhani pia kwamba kazi hiyo ilikaa kwenye sanduku bila kuguswa. Wakati wa Waingereza viliingia vitabu vya michoro vya kampuni ya nyuzi ya Ufaransa, DMC, na maua ya waridi ya Kizungu yakaota kwenye magauni ya Palestina. Ndivyo hata kanga zetu zilivyokuwa zikichapishwa Uingereza na Uholanzi, miaka mingi kabla ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa pale Ubungo mwaka 1968. Hakuna nguo isiyopita kwa watu. Kupita si kuibiwa.

Wizi uko wapi basi? Nenda Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar miaka ya sitini mwishoni, kwa rangi za mafuta za kupakia vitu vya kawaida. Leo michoro ya namna yake imesambaa duniani, na mara nyingi inauzwa kama "mapambo ya Kiafrika", basi. Hana jina, hana Dar. Mgeni akiipenda Tingatinga mimi nafurahi. Inaniuma anapolitupa jina akabaki na rangi.

Kwa hiyo magauni mawili ya wateja wako shona, mwanangu. Waulize picha ni ya gauni la wapi. Hawajui? Tafuta, uwaambie siku wanakuja kupima. Hamsini za kuchapisha sizipendi, nakwambia wazi. Kuna wanawake kambini wanaolisha watoto kwa uzi huo, na gauni lako la kuchapisha la bei ya chini linawaambia wateja kuwa saa zao hazina thamani. Ni kama kefiyeh, kile kitambaa chao cha kichwani: dunia imejaa za China, ilhali kiwanda cha Hirbawi pale Hebron kinafuma tangu 1961.

Nina njia nyingine. Kile kipande cha kifua, qabbeh, huwa kinadariziwa peke yake na kuuzwa peke yake. Wateja wako wakiweza, waagize kipande kilichotoka kwenye mikono yenyewe, wewe ushone gauni la kukizunguka. Fundi wa kule apate chake, fundi wa Tandika apate chake. Wakishindwa bei, darizi wewe kwa mkono, hata saru mbili tu za shingoni, uone saa zinavyokwenda. Halafu uje barazani unigeuzie nione nyuma.

*Shikamoo Bi. Tulikuwa wanafunzi saba tulioanzisha kikundi cha kusoma kuhusu kuondoa ukoloni, tukaanza na Palestina. Wiki ya tatu tumebaki wanne. Maandishi ni mazito, yote Kiingereza, na mmoja wetu anauliza kila siku: Tanzania inahusikaje? Tufanyeje?*
Mwanachuo, Sinza

Marahaba. Huyo anayeuliza kila siku msimpoteze, ndiye mwenyekiti wenu.

Mpeni mwezi mmoja tu aushike: Julai 1922. Mwezi huo Shirikisho la Mataifa, lile lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lilithibitisha hati za kuipa Uingereza nchi mbili izisimamie. Ya Tanganyika ilipita tarehe 20, ya Palestina tarehe 24. Siku nne! Mezani palikuwa na madaraja. Palestina iliwekwa daraja A, la watu waliohesabiwa kuwa karibu na kujitawala. Sisi tulitupwa daraja B, la wanaohitaji kushikwa mkono zaidi. Wa daraja B tulipandisha bendera Desemba 9, 1961. Wa daraja A wanangoja.

Kwa nini? Soma hati mbili hizo sambamba. Ya Palestina ilibeba ndani yake ahadi ya Novemba 2, 1917, ile barua fupi ya Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, iliyounga mkono Wayahudi wapate makao ya taifa huko. Wakazi takriban tisa kati ya kumi wa nchi hiyo hawakuwa Wayahudi, na barua haikuwataja kwa jina lao. Iliwaita jamii zisizo za Kiyahudi. Yaani umeishi kwenye nyumba, halafu kwenye hati unaandikwa "asiye fulani".

Anataka kitu cha karibu zaidi? Mpeni Harold MacMichael. Alikuwa gavana wa Tanganyika tangu 1934, ameketi hapahapa Dar. Mwaka 1938 akahamishiwa Jerusalem kuwa Kamishna Mkuu wa Palestina, wakati Wapalestina wako katikati ya uasi dhidi ya Waingereza, akabaki huko hadi 1944. Bwana mkubwa mmoja, koti moja, ofisi mbili.

Na bado kuna 1903. Waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, aliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi taifa, ardhi ya Afrika Mashariki wakae. Watu wanaita Mpango wa Uganda, ila ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, Kenya ya leo. Waliokuwa wakilisha ng'ombe pale hawakuulizwa. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukakataa. Wangekubali, leo ningekuwa najibu barua kuhusu Eldoret.

Halafu fungeni vitabu mtoke. Anzieni Mnara wa Askari. Pale Wajerumani walisimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao wa zamani, mwaka 1909. Waingereza wakaing'oa, na 1927 wakaweka yule askari mnayemwona. Mkoloni kamng'oa mkoloni, wenyeji wakabaki kutazama. Barabara yenyewe ilikuwa Acacia, ikawa Independence, leo ni Samora, jina la mtu aliyeongoza vita vya Msumbiji, na FRELIMO yenyewe ilizaliwa mji huuhuu mwaka 1962. Tembeeni hadi Lumumba kwa miguu, kila kona mtu mmoja aeleze jina. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilikaa Dar tangu 1963 hadi 1994. Mimi nilikuwa msichana wa shule mwaka 1973 serikali ilipokata uhusiano na Israeli na PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ikapata ofisi yake hapa. Hatukuwa tukiijua Palestina kwa picha. Tuliijua kwa sababu ilitajwa kwa pumzi moja na Angola na Rhodesia, Zimbabwe ya leo.

Lakini msijipambe. Mimi nimepita JKT Ruvu, nimelima kwa jembe na kukimbia mchakamchaka, na JKT hiyo mwaka 1963 ilianzishwa kwa msaada wa wataalamu wa Israeli. Tulikuwa marafiki, na wao walisaidia na vyama vya ushirika. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alisema kuundwa kwa Israeli kulikuwa uchokozi dhidi ya Waarabu, na papo hapo akasema Tanzania inaitambua, ila kuitambua si kuikubalia iteke ardhi kwa vita. Mwaka 1988 tukaitambua dola ya Palestina. Uhusiano na Israeli ukarudi miaka ya tisini, na 2018 tukafungua ubalozi Tel Aviv. Yote hayo ni sisi. Kikundi kinachosoma nusu ya sifa tu ni kwaya.

Lugha: someni Kiingereza, jadilini Kiswahili. Mmoja asome ukurasa, mwingine aueleze kama anamweleza bibi yake aliye jikoni. Akishindwa, hajauelewa, arudie. Mtashangaa namna maneno yalivyokwishafika kabla yenu. Ardhi, haki, zeituni, hema, sabuni. Mpalestina wa Nablus anayepika sabuni ya mafuta ya zeituni, ukimwambia "sabuni" hatahitaji mkalimani.

*Bwana Yesu asifiwe, Bi Sindano. Mimi ni Mlutheri. Binti yangu alivaa kefiyeh kwenda mazoezi ya kwaya, mtu mzima mmoja akamwambia avue, kwamba hiyo ni vita ya Waislamu na sisi tuko na Israeli ya Biblia. Binti kalia, kagoma kwenda. Nami moyoni nina langu: wale vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kusomea kilimo wakauawa, mbona wanaovaa hizo skafu hawawataji?*
Mama, Kimara

Ameni, mwenzangu. Nitakujibu kwa kitabu chako mimi Mwislamu wa Magomeni, univumilie.

Fungua Matendo sura ya 2, siku ya Pentekoste. Katika orodha ya waliosikia injili kwa lugha zao, Waarabu wamo. Wakristo wa Palestina hawakuletewa dini na meli kama sisi. Bethlehemu lipo kanisa la Kilutheri, la madhehebu yako, na Krismasi ya 2023 walimlaza mtoto Yesu wa kwenye pango juu ya kifusi cha matofali, kwa ajili ya Gaza. Mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani tangu 2010 hadi 2017 alikuwa Askofu Munib Younan, Mpalestina. Cheo hichohicho alikishika wetu, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa kwenye mkutano mkuu uliofanyika Dar mwaka 1977. Mkutano huo ndio uliosema ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini unagusa imani yenyewe, kanisa haliwezi kukaa kando likasema ni siasa. Mwulize mwenzako wa kwaya kama analikumbuka hilo. Mwulize kwa upole, atakuwa hajui tu.

Kefiyeh yenyewe ilikuwa kitambaa cha mkulima cha kujikinga jua. Kwenye uasi wa 1936 hadi 1939 wapiganaji wa vijijini waliivaa, Waingereza wakawa wanawatambua mjini kwa kichwa. Basi watu wa mjini wakavua tarbushi zao wakajifunga kefiyeh wote, Mwislamu na Mkristo, asijulikane nani ni nani.

Kuhusu vijana wetu. Umenigusa. Waliuawa Oktoba 7, 2023, wapiganaji kutoka Gaza walipoishambulia Israeli; walikuwa wamekwenda kujifunza kulima, na hakuna hoja yoyote ya ukombozi itakayonifanya niseme walistahili. Wanaokwepa kuwataja wanakosea. Gaza nako wamekufa makumi ya maelfu, watoto wengi mno. Sasa wewe ni mtu wa uswahilini kama mimi. Nyumba mbili zikifiwa siku moja mtaani, unafanyaje? Unakaa mkekani huku, jioni unafunga kanga unakwenda kule. Hakuna anayekuzuia mlangoni akuulize umetoka wapi.

Binti arudi kwaya. Avae au asivae, aamue mwenyewe, ila akivaa aweze kueleza. Na umchunge jambo moja: siku atakaposikika akimtukana Myahudi kwa kuwa ni Myahudi, hiyo kefiyeh mvue wewe.

*Bi Sindano, mbona vijana wakizungumza habari za Palestina kwenye simu wanaweka picha ya tikiti?*
Muuza matunda, Buguruni

Lipasue. Nyekundu, nyeupe, kijani, mbegu nyeusi: rangi zote nne za bendera yao, ambayo katika maeneo yaliyokaliwa na Israeli mwaka 1967 ilikuwa kosa kuionyesha hadi 1993. Umekuwa ukiuza bendera kwa vipande siku zote, baba.

*Shikamoo Bi. Nimesikia wana chakula cha wali kinachopinduliwa. Naweza kukipika kwa vitu vya soko la Temeke?*
Mke mpya, Mtoni

Marahaba, na hongera. Kinaitwa maqluba, yaani kilichopinduliwa. Unaweza, hukosi kitu hata kimoja.

Roweka mchele nusu saa. Chemsha kuku kwa kitunguu, mdalasini, iliki na pilipili manga, supu uitunze. Kata biringanya vipande vinene kama kidole, zipake chumvi zitoe maji, zipanguse, kisha kaanga ziwe kahawia. Chini ya sufuria panga kuku, juu yake biringanya, juu kabisa mchele, ukandamize kwa kiganja. Mimina supu ya moto taratibu kando ya sufuria, isiharibu mpangilio, ipite mchele kwa kadiri ya nusu kidole. Moto mkali hadi ichemke, halafu mdogo kabisa, funika, usikoroge. Mchele wa Mbeya unafaa, unashikana kidogo.

Ukiiva, epua uache kama robo saa na mfuniko wake. Halafu funika sufuria kwa sinia, shika vyote viwili kwa matambara, pindua kwa mkupuo mmoja, piga piga kitako cha sufuria, unyanyue polepole. Kinasimama kama ngome, kuku juu.

Mimi mara ya kwanza ile robo saa sikuingoja. Wali ulitoka wote, biringanya zikabaki zimeng'ang'ania chini, na kuku mmoja akaangukia kwenye zulia. Wajukuu walikula hivyohivyo, wakisema pilau ya bibi leo imepigana.